Juba hadi Adelaide: Saa Ishirini na Moja na Dakika Kumi

Jumatatu, 9 Juni

Mama amejidunga mwenyewe leo. Siku ya tatu mfululizo bila mimi kumshika mkono. Saa moja asubuhi kamili, tumboni, upande wa kushoto. Kisha uji. Kisha kalamu ya insulini ikarudi kwenye chungu cha maji, kwenye kivuli, isiharibiwe na joto. Nimetia alama kwenye daftari.

Siku nane zimebaki.

Naandika kwa Kiswahili kama siku zote. Hapa nyumbani ni mimi tu ninayekisoma. Mama hasomi lugha yoyote, na Kiswahili changu nilichosomea Nakuru anakiita lugha ya watu wa malori. Vizuri. Haya hayamhusu mtu.

Nimechapisha tiketi aliyotuma Wani. Juba, Dubai, Adelaide. Kaka yangu hajamwona Mama kwa miaka kumi na tisa. Aliondoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma na miaka kumi na saba na mfuko wa plastiki mkononi. Sasa ana nyumba, mke, na mtoto wa kike wa miezi minne mwenye jina la Mama. Viza ni ya miezi mitatu. Mama ana miaka sitini na minane na hajawahi kupanda hata ngazi za ghorofa.

Darasani nilichukua tufe la shule, lile lililobonyea Amerika Kusini, na uzi. Nikavuta uzi kutoka Juba hadi Adelaide, halafu nikaupima kwenye ikweta. Karibu kilomita elfu kumi na mbili. Wanafunzi wakadhani ni somo. Nikawaacha wadhani hivyo.

Jumatano, 11 Juni

Hesabu ya saa. Kuondoka Juba Jumanne saa nane na nusu mchana. Kufika Dubai saa tatu usiku, kwa saa zao. Kukaa pale karibu saa tano. Kuruka tena saa nane kasoro dakika tano usiku. Kufika Adelaide Jumatano saa moja na dakika kumi jioni, kwa saa zao. Ukisoma tiketi haraka unaona safari ya zaidi ya siku nzima. Si kweli. Dubai wako mbele yetu saa mbili. Adelaide saa saba na nusu. Hiyo nusu ni ya nini sijui, nchi ya watu wazima inatembea na nusu saa mfukoni. Ukitoa kila kitu unabaki na saa ishirini na moja na dakika kumi. Nimerudia mara tatu. Nafundisha mambo haya kila muhula, lakini ndani ya swali hajawahi kuwemo mama yangu.

Shida ni sindano. Saa moja asubuhi, saa moja jioni, kila siku, na chakula hapo hapo. Angani saa moja ni ya nani?

Nimeamua. Saa yake ya mkononi isiguswe. Ibaki Juba hata yeye akifika mwisho wa dunia. Nimechukua rangi ya kucha, nikatia tone jekundu kwenye kioo, pale mshale mfupi unapofika saa moja. Mshale ukigusa tone: sindano, chakula. Nimemwimbisha kama mtoto wa katekisimu. Sindano, chakula. Sindano, chakula. Anasema sawa, Kiden, mimi si mjinga.

Muuguzi wa kliniki alimweleza tena leo, kwa Kiarabu cha Juba, polepole. Ukijidunga usipokula, sukari inashuka. Utatoka jasho, utatetemeka, utaanguka. Unaweza usiamke. Mama alitikisa kichwa tu. Aliyetoka jasho ni mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Mvua. Barabara ya mbele ya nyumba imekuwa uji. Gari la maji halijapita siku mbili.

Nalongo alikuja jioni na chapati mbili na maharage, sahani imefunikwa. Ni jirani yetu, Mganda, mama wa pacha, anakaanga chapati kwenye kona ya barabara ya kwenda soko la Jebel. Mama akasema shukran, ma aju, hataki. Nalongo akasema chukua tu Mama. Mama akasema ameshiba. Hakuwa ameshiba hata kidogo, nilisikia tumbo lake. Nalongo akaweka sahani kwenye stuli, akakunja mikono. "Mimi iko hapa mpaka weye nakula." Hapo ndipo Mama akanawa.

Ni mchezo wao wa kila wiki. Alivyolelewa Mama huko Rejaf, mtu mzima hachukui chakula anapokaribishwa mara ya kwanza. Anayechukua mara ya kwanza amekosa malezi, au njaa imemvua heshima. Na anayekaribisha mara moja tu hajakaribisha, amesalimia. Nalongo alikuja kuyajua haya baada ya muda mrefu. Siku ya kwanza kabisa alirudi nyumbani na sahani yake, na Mama akalala akinung'unika kwamba Waganda wachoyo.

Mimi mwenyewe nina ugonjwa huo huo. Nalongo hunicheka. Anasema kwa Kiden ni lazima upige hodi tatu kwenye tumbo.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani wamemwombea. Mama alisimama mbele na kitenge kipya, amenyooka, kama anayekwenda kuapishwa. Nilitaka kulia nikajifanya natafuta kitambaa.

Tumefunga mzigo. Tumegombana. Alitaka kumpelekea Wani samaki mkavu na kopo la karanga za kusaga. Nilimwambia watu wa Australia hawataki chakula kiingie kwao, hawataki mbegu, hawataki hata tunda moja. Nimesoma sheria zao zote. Akauliza, sasa mtu anaingiaje kwa mwanawe mikono mitupu? Nikatoa samaki. Amenuna mpaka sasa.

Vilivyopo: barua ya daktari kuhusu sindano. Kalamu mbili za insulini. Kadi ya shingoni yenye jina lake, ugonjwa wake, namba yangu na namba ya Wani. Na mfuko wa kitambaa wa chakula cha njiani: karanga za kukaanga, tende, biskuti, peremende za glukosi. Amalize kabla ya kutua. Nimefurahi sana na ule mfuko. Nimeufunga mwenyewe.

Nina wivu pia. Wacha niandike. Wani anampata Mama mwenye kitenge kipya na maombi ya kanisa. Mimi ndiye ninayejua chungu cha insulini, na soksi, na vidole vya miguu vya kukaguliwa kila jioni. Ikitokea kitu njiani, mkono uliompandisha ndege ni wangu.

Jumatatu, 16 Juni

Mazoezi. Nilipanga viti vitatu sebuleni, nikamwambia hii ndiyo ndege. Tumefanya mkanda, kufunga na kufungua, mara kumi. Tumefanya mlango wa choo. Tumefanya kuonyesha pasipoti. Tumefanya masikio kuziba, kumeza mate. Tumefanya mtu wa kumsindikiza Dubai: nimemwombea kiti cha magurudumu, akakataa, yeye si mgonjwa. Nikamwambia kiti ni cha kukuonyesha njia, si cha ugonjwa. Akakubali kwa shingo upande.

Alifanya vizuri kila kitu. Mwalimu ameridhika.

Silali vizuri.

Jumanne, 17 Juni. Saa tatu asubuhi

Amejidunga, amekula. Amevaa tangu alfajiri. Amekaa kwenye kiti cha plastiki nje, mkoba magotini, anatazama mlima Jebel Kujur kana kwamba utaondoka kabla yake.

Nilimkumbusha mfuko wa chakula. Mshale ukigusa tone, fungua, kula. Akauliza, na watu walioketi pembeni? Nikasema hao wana chao. Akarudi kutazama mlima.

Saa kumi na nusu jioni

Ameondoka. Ndege iliruka saa nane na dakika arobaini. Pale mlangoni hawaruhusu wasindikizaji, kwa hiyo nilimwona mgongo tu, kitenge cha buluu, kisha watu wakamfunika. Hakugeuka. Nilimfundisha asigeuke, apange foleni.

Halafu nimerudi kwenye gari la kukodi, na chini ya kiti cha mbele nimekuta mfuko wa kitambaa.

Haukusahaulika. Mama hasahau vitu. Ulikuwa umesimamishwa vizuri, umefunikwa na kitambaa chake cha mkono. Aliuacha kwa makusudi. Hawezi kukaa katikati ya watu, akatoa karanga zake akala peke yake, na mfuko hautoshi kugawia ndege nzima. Aliniuliza asubuhi na nikamjibu kijinga.

Peremende nazo ziko humo. Zote.

Nilijituliza njiani. Ndege inatoa chakula, nikajiambia. Wanapita na toroli, wanakupa sahani. Nilijituliza mpaka hapa mtaani kwetu Nyakuron, mpaka nikafungua geti.

Wanapita na toroli wanauliza. Mara moja.

Shukran, ma aju. Namsikia kabisa. Anasema kwa upole, ametazama chini, anangoja aulizwe tena. Na yule binti wa ndege ana watu mia moja na hamsini nyuma yake. Anapita.

Mkanda nilimfundisha. Choo nilimfundisha. Chakula sikumfundisha. Haikunijia kabisa kwamba kula kunafundishwa.

Saa kumi na moja na robo

Nimempigia Wani. Kwake ni karibu saa saba za usiku, nilimwamsha. Alidhani ndege imeanguka. Nilipomweleza akasema, eh, Mama. Hata yeye alikuwa amesahau. Miaka kumi na tisa.

Tumepiga namba ya shirika la ndege, yeye kule mimi huku. Mashine inanishukuru kwa subira yangu. Sina subira. Nimeiandikia barua pepe, mistari minne, herufi kubwa. Kimya.

Simu ya Mama ni ya vibonye, laini ya hapa tu. Nje ya Juba ni tochi.

Hesabu: alikula saa moja asubuhi. Saa moja jioni ya Juba ndiyo saa tatu ya Dubai, ndiyo wanapotua. Atatoka na kiti cha magurudumu, atakalishwa mahali. Ataangalia mkono. Mshale uko kwenye tone. Na Mama hufanya anavyoambiwa na mimi. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Saa kumi na mbili bila kitu tumboni, kisha sindano, kwa sababu Kiden alisema.

Saa moja jioni

Kwenye simu, kwenye ramani ya kufuatilia ndege, ile ndege ndogo ya njano imetua. Dakika tisa zilizopita.

Mshale uko kwenye tone.

Nalongo yupo mlangoni na sahani. Nimekataa. Amerudia. Nimekataa. Amerudia tena, nikamwambia sitaki kwa kweli, si adabu, sitaki. Ameiacha kwenye stuli na ameketi kando yangu. Sili. Siwezi kula wakati huu.

Jumatano, 18 Juni. Saa kumi na mbili asubuhi

Hakuna aliyepiga. Si kwangu, si kwa Wani. Namba zetu ziko shingoni kwake. Angeanguka, mtu angesoma kadi. Au hakuna aliyeangalia. Mzee amefumba macho kwenye kiti cha uwanja wa ndege, watu wanadhani amelala.

Ndege ya pili imo angani, iko juu ya bahari, katikati ya buluu tupu. Sijui kama yumo ndani. Huko shirikani hawamwambii mtu kitu kama hujui namba fulani iliyo kwenye karatasi aliyopewa yeye uwanjani.

Sasa nimeona kosa la pili. Limekuja wakati napiga mswaki. Nimeangalia ratiba yao: wanatoa chakula wakisharuka, kisha karibu na kutua. Saa moja asubuhi ya Juba inaangukia katikati. Taa zimezimwa, watu wamelala, hakuna toroli. Hata akikubali kula, mshale utagusa tone na hakutakuwa na chakula. Nilimfungia Juba mkononi nikampandisha kwenye ndege inayokula kwa saa nyingine.

Mwalimu wa jiografia. Nimepima uzi. Nimetoa nusu saa. Nina hasira na mimi mwenyewe.

Bado saa moja kufika saa moja.

Saa tano asubuhi, chumba cha walimu

Nimekuja shuleni kwa sababu nyumbani kuna kile kiti cha plastiki. Nimewapa kidato cha pili wachore ramani ya Nile. Mmoja amechora Rejaf upande wa kaskazini wa Juba badala ya kusini, na nikampa vema.

Saa sita kasoro robo

Imetua. Simu inasema imetua, dakika tano kabla ya wakati wake.

Wani yuko pale mlangoni. Anasema ana maua. Nani alimwambia Mama anataka maua.

Saa saba

Abiria wanatoka. Wani ananitumia ujumbe kila dakika chache. Wanatoka. Bado. Familia ya Wahindi. Bado. Wazungu na mabegi ya mgongoni. Bado.

Saa saba na dakika ishirini

Ujumbe: Kiden, wametoka wote. Hata marubani wametoka. Yeye hayupo.

Nimesoma nikiwa nimesimama ukutani karibu na kengele ya shule. Nilikaa chini pale pale, sketi kwenye vumbi. Mwalimu wa hesabu aliniletea maji. Nilifikiri kitu kimoja tu. Kwamba hakugeuka pale mlangoni kwa sababu nilimkataza.

Saa saba na dakika hamsini

Yupo.

Yupo, yupo, yupo. Nimesikia sauti yake. Alisema "Kiden?" kwa nguvu kana kwamba ananiita kutoka ng'ambo ya mto, kisha Wani akachukua simu kunieleza.

Maofisa wa ukaguzi walimshika. Mkoba wake ulikuwa umejaa mikate. Mikate midogo ya ndege, siagi, jibini, vijipaketi vya chumvi, na tufaha moja limefungwa ndani ya leso. Walitafuta mtu wa kutafsiri kwa simu, Kiarabu cha Juba, ikachukua saa nzima. Hawakumfokea. Walichukua tufaha na jibini, wakaandika, wakamwacha na onyo. Anasema ni watu wazuri lakini wana njaa ya ajabu.

Sielewi. Mikate imetoka wapi? Mtu anayekataa chakula anapataje mkoba wa mikate?

Nimerudi darasani. Nimefuta ile vema ya Rejaf.

Alhamisi, 19 Juni

Amelala kwa muda wa saa kumi na moja. Usiku wao ulipoingia akapiga, na ameniambia yote. Naandika kama alivyosema, nisije nikasahau.

Ndege ya kwanza, walimuuliza. Alisema hataki. Wakapita kama gari la maji linavyopita geti la mtu asiye na pipa. Alingoja warudi. Walirudi kuchukua sahani za wengine. Alifikiri, basi, si watu wa kukaribisha.

Dubai mtu wa kiti alimwacha kwenye safu ya viti akaenda zake. Mama akaangalia mkono. Mshale kwenye tone. Akatoa kalamu, akafunua kitenge, kisha akakaa nayo mkononi. Sindano, chakula. Alikuwa na sindano. Anasema alitazama huku na huku na ukumbi ule wote uling'aa kama sahani iliyooshwa, na hakuna kitu juu yake.

Pesa nilimpa. Hakujua zinapokelewa wapi, na nani, na angeita kitu gani.

Akapita mwanamke mweusi na toroli la kufagia. Mama alimsalimia kwa Kibari, lugha ya kwao. Hakuelewa. Akajaribu kwa Kiarabu cha Juba. Yule akatabasamu, akaendelea. Ndipo Mama akatoa lugha ya watu wa malori. Yangu. Alisema maneno mawili anayoyajua, aliyoyaokota kwangu na kwa Nalongo pale uani.

"Naomba chakula."

Mama yangu. Wakati wa vita alitutembeza siku kumi na moja porini, akachemsha majani, akatudanganya kuwa yeye ameshakula. Kwenye kambi alisimama foleni ya posho kwa kadi yake, lakini mlango wa mtu hakugonga. Nimekua nikisikia hivyo kutoka kwa mashangazi wote: mama yenu hakuomba. Na juzi nimemwombesha mimi. Kwa rangi ya kucha.

Yule mwanamke alisimama. Alikuwa na nusu chapati mfukoni mwa sare, imefungwa kwenye nailoni, ya mapumziko yake. Alimnyooshea huku akiangalia nyuma, kama bosi anakuja. Mama anasema aliona kwenye macho yake kwamba hakutakuwa na mara ya pili.

"Nilichukua mara ya kwanza, Kiden."

Nikasikia mtoto akilia nyuma yake, kule kwao ambako ni usiku tayari. Nilisema, ulifanya vizuri Mama. Akasema, usiwaambie watu wa Rejaf.

Chapati ilipokuwa mkononi ndipo akajidunga. Si kabla. Amebadilisha mpangilio wangu: chakula, sindano, chakula. Muuguzi alisema sindano bila chakula inaua, na yeye alimsikia. Mimi nilidhani anatikisa kichwa tu.

Ndege ya pili alichukua kila kilichopita mbele yake. Hata kahawa, na hanywi kahawa. Anasema akishaivua aibu mara moja, hana haja ya kuivaa tena mpaka afike. Mkate mmoja aliuweka kwa ajili ya tone la asubuhi, gizani, watu wakiwa wamelala. Mingine aliiweka kwa sababu hakuamini kama Wani naye angekaribisha mara mbili. Na kwa sababu mtu haingii kwa mwanawe mikono mitupu.

Nimelia sana leo. Kisha nimecheka tufaha. Kisha nimelia tena.

Sijui jina la yule mwanamke. Mama hakuuliza, hakuwa na maneno ya kuulizia.

Jumapili, 22 Juni

Mvua asubuhi, kisha jua. Nimefua mashuka ya Mama. Chungu cha insulini kiko tupu, nimekigeuza kikauke.

Wani alipiga baada ya ibada. Daktari wa huko amemwona Mama na kumpangia sindano kwa saa za kwao, hatua kwa hatua. Kazi si yangu tena. Nilidhani nitaumia. Niliona nafuu, halafu nikaumia kidogo.

Kumebaki ugomvi mmoja. Wani anataka kuirekebisha saa ya mkononi na Mama hampi mkono. Amemwambia mpaka Kiden aseme. Kwa hiyo nikaongea naye. Nikamwambia Mama, kazi ya tone imekwisha, sasa unaweza kuigeuza, au utakuwa unaangalia saa moja jioni wakati majirani zako wanakoroma.

Akasema sindano atafuata saa ya ukutani ya Wani. Ya mkononi ibaki.

Nikamuuliza kwa nini.

"Nikiigeuza, nitajuaje kama wewe unakula?"

Hakungoja jibu. Alikuwa anaitwa kumwogesha mtoto.

Jioni nilikaa nje kwenye kiti cha plastiki, madaftari ya wanafunzi magotini. Jenereta la jirani lilikuwa bado halijawashwa, palikuwa kimya. Nalongo akaingia getini na sahani iliyofunikwa. Akasema, "Kiden, mimi naleta wali kidogo."

Nikanyoosha mikono miwili nikaipokea.

Alibaki pale na mdomo wazi, maneno ya mara ya pili yakiwa tayari. Aliangalia sahani, akaniangalia mimi, akaniwekea mkono kwenye paji la uso.

"Weye leo iko mgonjwa?"

Nikasema hapana. Nikaingia ndani nikanawa, nikatoka, nikala wote. Ilikuwa saa moja na dakika chache.